Usalama wa Mpaka na Jina la Dini: Somo la Bwera

Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka 2023, watu wenye silaha waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, jirani na Bwera, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Walilitia moto bweni la wavulana, wakawakata wasichana kwa mapanga, wakapora chakula, kisha wakakimbilia Kongo pamoja na vijana waliowateka. Watu wasiopungua 42 walikufa, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Shule hiyo iko kiasi cha kilometa mbili tu kutoka mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Serikali ya Uganda ilitangaza kwamba waliotenda unyama huo ni waasi wa Allied Democratic Forces, wajulikanao kwa kifupi kama ADF. Kundi hilo lina asili ya Uganda, lakini kwa muda mrefu maskani yake yamekuwa katika misitu ya Kongo mashariki, na tangu mwaka 1996 limekuwa mwiba kwa watu wa Kasese. Katika kupambana nalo, Uganda imevunja uhusiano na nchi moja, imeingia vitani katika nchi nyingine, imeshitakiwa mbele ya mahakama ya mataifa, na imejipatia marafiki wenye nguvu katika nchi za mbali. Ni jambo la haki, basi, kuuliza kama sera hiyo ya nje, pamoja na gharama zake zote, imewaletea usalama wale wanaolala kilometa mbili kutoka mpakani.

Bwera ni mji mdogo ulio chini ya milima ya Ruwenzori. Karibu nao ni kituo cha forodha cha Mpondwe, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, katika ardhi ya Kongo. Mpaka wa sehemu hizo ulikubaliwa na wakoloni huko Ulaya mwaka 1910, na wenyeji hawakuulizwa. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo ni watu wa asili moja na lugha moja. Huoana, huzikana, na siku za soko huuziana vitenge, chumvi, samaki na maharagwe. Kwao, kuvuka mto ni kwenda kwa jirani. Lakini njia zile zile zimpazo mchuuzi riziki yake ndizo zimpazo mwasi nafasi ya kuingia na kutoka. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuulinda mpaka kama huo.

Tena yafaa kukumbuka kwamba milima hiyo ilijua uasi kabla ya jina la Uislamu kutajwa katika jambo lolote la vita. Mwaka 1962, Isaya Mukirane na wenzake walitangaza utawala wao wa Rwenzururu, wakiukataa utawala wa ufalme wa Toro. Mapambano hayo yalitulia mwaka 1982, wakati Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirane, alipokubali kushuka mlimani pamoja na wafuasi wake. Hata hivyo manung'uniko juu ya ardhi na heshima hayakwisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Amon Bazira aliongoza uasi mwingine, uliojulikana kama NALU, akitumia upande wa pili wa mpaka, ambao wakati ule ulikuwa Zaire. Wengi wa wafuasi wake walikuwa Wakristo, na madai yao hayakuhusu dini. Bazira aliuawa mjini Nairobi mwaka 1993, lakini mabaki ya jeshi lake yaliendelea kuishi milimani.

Kwa upande mwingine, Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia katika sera ya nje ya Uganda kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 1972, Idi Amin aliwafukuza Waisraeli na kujiunga na kambi ya Libya na mataifa ya Kiarabu. Mwaka 1974, Uganda ikawa mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ingawa Waislamu ni wachache nchini. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Waislamu wasio na hatia walilipishwa madhambi ya utawala wake, na katika sehemu za Bushenyi, magharibi mwa nchi, watu waliuawa kwa kisasi. Serikali zilizofuata hazikuutupa uanachama ule. Kutokana na uhusiano huo, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa mjini Mbale mwaka 1988, na watu wa dini mbalimbali wamesoma humo. Hapana budi jambo hili litiliwe maanani, kwa sababu linaonyesha kwamba uhusiano wa Uganda na ulimwengu wa Kiislamu haukujengwa juu ya hofu peke yake.

Hofu ilizaliwa Kampala. Baraza Kuu la Waislamu, lililoundwa mwaka 1972, lilikuwa limegawanyika kwa ugomvi wa muda mrefu juu ya nani awe Mufti. Miongoni mwa vijana wa jumuiya ya Tabligh kulikuwa na waliowaona wazee wao kuwa watu walionunuliwa na serikali. Mwaka 1991, baadhi yao waliuvamia msikiti wa Old Kampala, na askari polisi kadhaa waliuawa katika mapambano hayo. Vijana wengi walitiwa gerezani, na mmoja wao alikuwa Jamil Mukulu, aliyezaliwa Mkristo na kusilimu baadaye. Mukulu alipofunguliwa alichagua bunduki. Mwaka 1995, majeshi ya Uganda yaliivunja kambi ya wafuasi hao huko Buseruka, katika wilaya ya Hoima, na walionusurika wakakimbilia Zaire.

Huko ndiko walikokutana na mabaki ya NALU. Kundi la kwanza lilikuwa na mafundisho makali ya dini na uhusiano na watu wa nje. Kundi la pili lilizijua njia za milima, lugha ya wenyeji na malalamiko yao. Kila moja lilikuwa na kile ambacho mwenzake alikikosa, na kwa hiyo wakaungana kuwa ADF. Basi tangu siku ya kwanza kundi hili lilikuwa na nyuso mbili, uso wa siasa iliyovaa joho la dini, na uso wa ugomvi wa kienyeji ambao haukupata suluhisho. Sera inayoutazama uso mmoja tu, haiwezi kumjua adui inayepigana naye.

Majirani nao walikuwa na mambo yao. Serikali ya Sudan iliyotwaa madaraka mwaka 1989, na ambayo mwongozaji wake wa fikra alikuwa Hassan al-Turabi, ilitaka kuona siasa ya Kiislamu ikienea. Uganda iliishutumu Sudan kuwa inawasaidia waasi wanaoipinga Kampala, nayo Sudan iliishutumu Uganda kuwa inawasaidia wapiganaji wa John Garang. Mwezi Aprili mwaka 1995, Uganda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Sudan. Kwa upande wa magharibi, Zaire ya Mobutu ilikuwa imedhoofika kiasi cha kutoweza kuitawala mipaka yake yenyewe, na Kampala iliamini kwamba watu wa Mobutu walifurahia kuwaona waasi wa Uganda wakikaa huko.

Tarehe 13 Novemba 1996, ADF walivuka mpaka na kushambulia Mpondwe. Kituo cha mpaka kilitekwa kwa muda, watu waliuawa, na wakazi wa Bwera wakakimbia na watoto mgongoni. Majeshi ya Uganda yaliwarudisha waasi nyuma, kisha nayo yakavuka mto. Wakati huo huo vita vya Laurent Kabila vilikuwa vimeanza, na Uganda ikaviunga mkono pamoja na Rwanda hadi Mobutu alipoanguka mwezi Mei 1997. Hivyo shambulio la kituo kidogo cha forodha lilikuwa mojawapo ya sababu zilizoitumbukiza Uganda katika mabadiliko makubwa kuliko yote yaliyotokea katika Afrika ya Kati kwa miaka mingi.

Kuanguka kwa Mobutu hakukuleta amani Ruwenzori. Mwezi Aprili 1998, Uganda na serikali mpya ya Kongo zilitia sahihi mapatano ya kushirikiana kulinda mpaka. Lakini tarehe 8 Juni mwaka huo, ADF waliishambulia shule ya ufundi ya Kichwamba, katika wilaya ya Kabarole, na makumi ya wanafunzi waliteketea kwa moto mabwenini. Makumi ya maelfu ya watu wa Bundibugyo na Kasese waliishi kambini kama wakimbizi ndani ya nchi yao. Mwezi Agosti vita vya pili vya Kongo vilipoanza, Uganda ilikuwa na sababu ambayo kila mzazi aliielewa.

Lakini sababu njema haitoshi kuhalalisha kila tendo. Majeshi ya Uganda hayakuishia katika mabonde ya mpakani. Yalifika Kisangani, mamia ya kilometa ndani ya Kongo, na huko yakapigana na majeshi ya Rwanda, yaliyokuwa rafiki zake wa jana. Katika Ituri yalishika utawala, na raia waliuawa na mali ya nchi ikaporwa. Mwaka 1999, Kongo iliishitaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Uganda ilijitetea kwamba ilikuwa ikijilinda dhidi ya ADF na wengine. Hukumu ilitolewa tarehe 19 Desemba 2005. Mahakama ilisema kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa serikali ya Kongo ndiyo iliyohusika na mashambulio ya waasi hao. Ilisema pia kwamba kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mbali mno na mpaka hakulingani na hatari iliyolalamikiwa. Mwezi Februari 2022, mahakama hiyo iliamuru Uganda ilipe fidia ya dola milioni 325, kwa mafungu matano ya kila mwaka.

Fedha hizo hulipwa na mkulima wa kahawa wa Kasese kama zinavyolipwa na mfanya biashara wa Kampala. Hukumu hiyo ni onyo kwa kila serikali ya Afrika. Haki ya nchi kujilinda haina ubishi, lakini haki hiyo ina mpaka wake, na anayeuvuka hulipa.

Katika miaka hiyo hiyo, jina la kundi hili lilianza kuwa na thamani mpya katika mazungumzo ya mataifa. Tangu siku za ugomvi na Sudan, Marekani ilikuwa imeanza kuiona Uganda kama ngome ya kuizuia Khartoum. Baada ya mashambulio ya New York na Washington ya mwaka 2001, Marekani iliitia ADF katika orodha yake ya makundi ya kigaidi mwezi Desemba mwaka ule ule. Mwezi Machi 2007, Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kupeleka askari katika jeshi la Umoja wa Afrika nchini Somalia. Kazi hiyo iliipa heshima, mafunzo na misaada. Lakini iligharimu damu pia. Tarehe 11 Julai 2010, mabomu ya al-Shabaab yaliua watu zaidi ya 70 mjini Kampala, na mwezi Mei 2023, askari 54 wa Uganda waliuawa katika kambi yao huko Buulo Mareer. Majuma matatu baadaye ikaja zamu ya wanafunzi wa Lhubiriha. Taifa lililokuwa likilinda miji ya Somalia lilishindwa kulilinda bweni la shule ndani ya mipaka yake.

Kongo nayo imelipa kwa maisha ya watu wengi zaidi. Tangu mwezi Oktoba 2014, raia wameuawa kwa maelfu katika sehemu za Beni na Ituri, na wengi wa waliouawa Beni ni Wanande, ndugu wa Wakonzo wa Bwera. Tarehe 7 Desemba 2017, askari 15 wa Tanzania waliokuwa wakilinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliuawa huko Semuliki. Jamil Mukulu alikuwa amekwisha kukamatwa Tanzania mwaka 2015 na kukabidhiwa kwa Uganda, lakini kukamatwa kwake hakukuliua kundi. Uongozi uliingia mikononi mwa Musa Baluku, aliyejifunga na Dola ya Kiislamu. Mwaka 2019, Dola hiyo ilianza kutangaza mashambulio ya Kongo kuwa yake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walibishana kwa muda juu ya uzito wa uhusiano huo, lakini katika taarifa yao ya mwezi Juni 2023 walieleza kwamba fedha za Dola ya Kiislamu zilikuwa zimelifikia kundi hili.

Kwa hiyo si haki kusema kwamba hatari ya siasa kali kwa jina la Uislamu ni hadithi iliyotungwa na serikali. Hatari ipo. Lakini si haki vile vile kuufanya Uislamu kuwa mtuhumiwa. Mwezi Mei 2021, maimamu wawili waliokuwa wakiyakemea makundi ya silaha waliuawa kwa risasi katika Beni na jirani yake. Walikufa kwa sababu walisema msikitini yale ambayo serikali husema redioni. Mwislamu wa Kasese anayetazamwa kwa jicho la shaka kila bomu linapolia amedhulumiwa mara mbili, na waasi wanaoitumia dini yake na jirani anayemhesabu kuwa mmoja wao. Tena serikali yoyote inayomtia mtu kizuizini kwa sababu ya kanzu yake inamfanyia mwasi kazi ya kuandikisha askari.

Tarehe 16 Novemba 2021, mabomu yalilipuka katikati ya Kampala. Mwisho wa mwezi huo huo, tarehe 30 Novemba, majeshi ya Uganda yaliingia tena Kongo, katika operesheni iliyoitwa Shujaa. Safari hii kulikuwa na tofauti kubwa. Rais Félix Tshisekedi alikuwa amekubali, na majeshi ya nchi mbili yalipigana bega kwa bega. Mapema mwaka huo, mwezi Juni, yeye na Rais Yoweri Museveni walikutana Mpondwe kuzindua mradi wa barabara za kilometa 223, ikiwamo ile ya kutoka Kasindi kwenda Beni. Mwezi Aprili 2022, Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lililofanywa kwa nguvu mwaka 1998 lilifanywa sasa kwa mapatano, na hayo ni maendeleo ambayo hayafai kubezwa.

Hata hivyo mapatano peke yake hayajafunga njia za msituni. Mwezi Januari 2023, bomu liliwaua waumini waliokuwa wakisali kanisani Kasindi, ng'ambo tu ya mto. Miezi mitano baadaye wakaja Lhubiriha. Meja Jenerali Dick Olum, aliyeongoza majeshi ya Uganda nchini Kongo wakati ule, alieleza kwamba waasi walikuwa wamekaa katika eneo hilo siku mbili kabla ya kushambulia. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, watalii wawili na kiongozi wao raia wa Uganda waliuawa katika hifadhi ya taifa ya Queen Elizabeth, ambayo sehemu yake kubwa iko Kasese. Kundi linalopigwa kwa mizinga na ndege hutawanyika katika vikosi vidogo, na vikosi hivyo hutafuta mahali palipo dhaifu. Mahali hapo ni shule, kanisa, zahanati na shamba la mwanamke aliye peke yake.

Kuna shaka nyingine pia. Wako Wakongo wasemao kwamba Uganda inafuata biashara, barabara na mafuta ya Ziwa Albert zaidi ya waasi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliishutumu Uganda mwaka 2024 kuwa inawaunga mkono waasi wa M23, na Uganda ikakanusha. Kwa nchi iliyokwisha kuhukumiwa The Hague, kukanusha hakutoshi. Ridhaa ya jirani ndiyo msingi wa kazi yote inayofanywa sasa huko Kongo, na ridhaa hiyo hudumu pale tu ambapo matendo ya mkono wa kushoto hayapingani na maneno ya mkono wa kulia.

Katika historia hii yote yako mambo matatu yaliyo dhahiri. Kwanza, jeshi linalovuka mpaka kwa idhini na kwa kusudi lililo wazi hujenga, na lile linalovuka kwa nguvu hubomoa hata haki liliyokwenda kuitetea. Pili, jina la vita dhidi ya ugaidi huvuta misaada kutoka nje, lakini haliwezi kumaliza ugomvi wa ardhi, wa utawala wa kimila na wa vijana wasio na kazi. Mwezi Novemba 2016, majeshi ya serikali yalilivamia jumba la mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, na watu zaidi ya mia moja waliuawa katika mapambano ya siku hizo. Mambo hayo hayakuhusu Uislamu hata kidogo, lakini yaliacha uchungu katika nyumba nyingi, na uchungu huziba vinywa. Mwananchi asiyeiamini serikali yake haendi kuiambia kwamba ameona wageni msituni.

Jambo la tatu ndilo kubwa zaidi. Ulinzi wa Bwera hauwezi kuachwa mikononi mwa askari walio Beni, Mogadishu au mikutanoni. Unahitaji ulinzi wa usiku katika shule zilizo jirani na mpaka, simu inayojibiwa mara mwalimu anapopiga, mawasiliano kati ya askari wa Mpondwe na wenzao wa Kasindi, na wazee, mapadri, wachungaji na mashehe wanaoketi pamoja bila kushukiana. Mambo hayo hayatajwi katika hotuba za mambo ya nchi za nje, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na dola milioni 325.

Sera ya nje ya taifa hupimwa kwa namna nyingi. Mabalozi huihesabu kwa mikataba, na majemadari kwa kambi zilizotekwa. Wazazi wa Kasese wana kipimo chao, nacho ni kwamba mtoto aliyepelekwa shule ya bweni arudi nyumbani wakati wa likizo. Mpaka kipimo hicho kitakapotimia, hakuna ushindi wowote ng'ambo ya mto Lhubiriha unaoweza kuitwa kamili.